Machela Iliyosimama Langoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Isurugi Haruomi, Naibu Gavana wa mkoa wetu. Kuhani wa hekalu letu. Mwenyekiti wa Kamati ya Waumini, Mzee Kusakabe. Bwana Nezu wa ofisi ya utalii ya mji. Wabebaji wa machela mliosimama hapo langoni na mzigo begani. Mabibi na mabwana.

Mimi naitwa Ukita Fumiyo, muuza miso ya soya wa mtaa huu wa langoni na katibu wa kamati. Nimetumwa na waumini na wakazi wa Ononagi niwasomee risala yao mbele yako, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa ratiba, risala hii ilikuwa isomwe baada ya chakula cha mchana, machela ikiwa imeshapita, watu wameshiba, na wewe umeshapata kikombe kimoja au viwili vya sake yetu ya mchele. Imebidi isomwe sasa. Sababu utaiona tukiendelea.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana Ononagi. Tunakupokea kwa mikono miwili, ingawa wanaume wetu wengi mikono yao kwa sasa ina kazi.

Umekuja kutukabidhi cheti kinachotambua desturi yetu ya kumteremsha Mwenye Mlima, mungu wetu, kwa machela kuwa urithi wa mkoa mzima. Tunakiona hapo magotini pako, kimefungwa kwa kitambaa cha zambarau. Wazee wengi walikingoja mpaka wakatangulia mbele ya haki. Kwa furaha hiyo wanawake wa mtaa wamepika wali wa maharage mekundu tangu juzi, na hakuna nyumba iliyokosa kufagia mbele ya mlango wake.

Tulitaka uone kila kitu, ndiyo maana tukaliomba jukwaa hili. Tunasema wazi ili lawama isimwangukie mwingine. Sisi ndio tulioomba lijengwe, sisi ndio tuliochagua mahali, na sisi ndio tuliosema liwe refu, kwa kuwa mgeni mkubwa hakalishwi chini. Mafundi walipokuwa wakigonga misumari tuliwapelekea chai na mochi za mchele, tukasimama tukilisifu namna lilivyopanda hadi kulipita paa la duka langu. Mzee Kusakabe akasema kwamba kutoka pale mgeni ataona mpaka utosi wa machela.

Utosi wa machela, Mheshimiwa. Alisema hivyo mbele yetu sote, nasi tukaitikia kwamba ni kweli kabisa. Hakuna aliyeshtuka siku ile. Tumeshtuka leo.

HISTORIA YA HEKALU

Hekalu la Ononagi ni la kale. Ukimuuliza Kuhani lilijengwa mwaka gani, atakwambia kwamba wakati huo miaka yenyewe ilikuwa haijaanza kuhesabiwa. Huo ni utani wake, lakini mwenye jibu bora hajatokea. Jengo unaloliona juu ya ngazi za mawe si lile la kwanza. Lipo lililoungua kwa radi, lipo lililoangushwa na tetemeko, na kila mara mababu zetu walikata mierezi ya mlimani wakajenga upya. Kwa hiyo tukisema urithi hatuna maana ya mbao. Kitu ambacho hakijawahi kuungua ni safari.

Kila vuli, mpunga ukiinamisha vichwa, Mwenye Mlima hushuka kuyaona mashamba. Hatembei kwa miguu. Kuhani humpandisha kwenye machela nyeusi yenye paa la dhahabu na ndege wa shaba juu yake, anashusha pazia ili mtu asimwone, nasi tunamweka begani. Machela ikishainuliwa hairudi nyuma, wala haigusi ardhi mpaka ifike kwenye kibanda chake kule mashambani. Ikigusa ardhi njiani safari imekufa, na Mwenye Mlima anarudishwa juu bila kuuona mpunga wake.

Sasa tunakuomba utusikilize kisa kimoja, ambacho kila mtoto wa Ononagi alinyonya pamoja na maziwa. Au tuseme alikuwa akikinyonya.

Zamani za mabwana wa ngome alikuja hapa mjumbe wa bwana mkubwa, amepanda farasi mrefu mweupe, kutazama machela ikitoka. Akasimamisha farasi wake hapo hapo penye jukwaa hili. Machela ikashuka ngazi za mawe. Ilipokuwa juu ya ngazi ilikuwa juu ya kila mtu, lakini kila daraja iliyoshuka ilizidi kuwa chini, na ilipofika langoni wabebaji wakasimama. Mjumbe akangoja, wao hawakwenda. Akauliza kulikoni, hakuna aliyejibu, kwa maana kumwambia mjumbe wa bwana mkubwa la kufanya ilikuwa kujitafutia upanga wa shingo. Zaidi ya hayo, wazee wetu walifundisha kwamba kwa ajili ya Mwenye Mlima mtu hateremshwi, mtu huteremka. Akilazimishwa, haihesabiki.

Basi wakasimama. Jua likapanda. Wake zao wakaleta matonge ya wali wakawalisha waume zao mdomoni kama watoto, na kuwafuta jasho lisiwaingie machoni. Mjumbe naye jua likamchoma, kiu ikambana. Akaona wanawake wana mtungi wa maji, akashuka kutoka juu ya farasi ili anywe. Unyayo wake ulipogusa mchanga tu, machela ikaondoka. Alibaki na kata ya maji mkononi, mdomo wazi. Wanasema alicheka peke yake, kisha akaifuata machela kwa miguu mpaka mashambani, akimvuta farasi kwa hatamu. Tandiko lake alituachia. Linaning'inia hekaluni hadi leo, na wataalamu wenu walilipiga picha.

Ahsante, Mheshimiwa. Tunashukuru kwa makofi.

MAFANIKIO

Hapa karatasi yangu inasema tutaje mafanikio, nami nitayasoma kama yalivyoandikwa, kwa kuwa Bwana Nezu ananionyesha saa yake na kunifanyia ishara nisitoke nje ya karatasi.

Mheshimiwa, kwa miaka kadhaa Ononagi ilikosa mabega. Vijana walikwenda Osaka na Nagoya, wazee wakabaki na migongo yao. Hatukukubali safari ife. Muuza tofu alitutolea lori lake dogo, tukaweka machela nyuma juu ya magodoro, tukaifunga kwa kamba, na kupita njia ya chini, nyuma ya mashamba, ambako hakuna nyumba hata moja. Haikuwa fahari, lakini Mwenye Mlima aliuona mpunga wake kila mwaka. Kila lori lilipoingia shimoni tuliinama na kumwomba radhi.

Mwaka huu, waliposikia habari za cheti, wajukuu wetu wamerudi. Wameomba ruhusa makazini, wamepanda treni za alfajiri, na wengine wamekuja na mabega ya ofisini ambayo hayajawahi kubeba kizito kuliko begi la kompyuta. Wamefika. Machela imetoka kwa lango kuu, begani, baada ya miaka yote hiyo. Ilipoinuliwa asubuhi hii wapo waliolia hapa, na mimi ni mmoja wao.

Hayo ndiyo mafanikio, na ndipo karatasi inapoishia kuwa ya kweli. Bwana Nezu, samahani sana. Wewe ni mtu mwema na huna kosa lolote, lakini naikunja.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, umekaa ukitabasamu na kuwapungia mkono wabebaji, ukidhani wamesimama ili upige picha. Hapana. Hawakusimama kupumzika, wala hawakuambiwa wasimame.

Nitasema yaliyotokea, maana wengine mlikuwa mkitazama ndege wa shaba. Machela ilishuka ngazi vizuri, na vijana walikuwa wameshaushika mwendo. Mzee Anbe Tokujirō, mkuu wa wabebaji, ambaye daktari alimkataza kubeba na mkewe Bi Kinue akamkataza mara mbili zaidi, alikuwa mbele kushoto akiwaimbia hatua. Langoni akanyamaza. Miguu yake ikakataa. Kijana wa kando yake, mjukuu wake mwenyewe, akamwambia, "Babu, twende basi, watu wanatungoja."

Mzee Tokujirō akainua macho kwenye jukwaa, akasema, "Siendi. Kuna nyayo za watu juu ya kichwa chake."

Na yule kijana akauliza, "Kichwa cha nani?"

Hatukushtushwa na jukwaa kama tulivyoshtushwa na swali lile. Hakuuliza kwa kiburi. Alikuwa hajui, hajawahi kuambiwa. Na anayesimama karibu naye hajui, na wa nyuma yao hajui. Nusu ya mabega yaliyobeba machela hii hayajui kwa nini yamesimama, na yanaumia tu kwa heshima.

Desturi ni hii: hakuna anayemtazama Mwenye Mlima kutoka juu. Si gavana wala mwokota takataka. Zamani kabla ya machela kutoka, ngoma ya hekalu ililia mapigo matatu mazito, na mtaa mzima ulishuka. Madirisha ya ghorofani yalifungwa. Fundi wa paa alishuka na nyundo yake. Hata paka aliyelala juu ya vigae alishushwa, akatukana kwa lugha yake, akawekwa jikoni. Kunguru peke yao hawakuulizwa, wana mambo yao na mungu.

Mama yangu mzazi aliugua homa ya mapafu siku ya sherehe, na kitanda chake kilikuwa ghorofani. Hakuna aliyekuja kumwamrisha. Alisikia ngoma, akaanza mwenyewe kutafuta ngazi kwa magoti, ndipo majirani wakapanda na ubao wa dirisha, wakamlaza juu yake, wakamshusha. Alinung'unika njia nzima: "Mwenye Mlima angenisamehe. Mgongo wangu ndio usiosamehe." Kisha akalala kwenye vumbi la dukani kati ya mapipa ya miso, akafumba macho, na machela ikapita. Nilikuwa nimemshika mkono. Sikuambiwa maana yake, wala sikuhitaji kuambiwa.

Leo asubuhi ngoma imelia, mapigo matatu, kama zamani. Kuhani aliipiga kwa mkono wake. Je, mwajua sisi wana-Ononagi tuliokuwa hapa jukwaani tulifanya nini? Tulipiga makofi. Mimi nilipiga. Mzee Kusakabe alisema ngoma yetu ina sauti nzuri.

Mpaka sasa naisikia ile sauti ya makofi na nashindwa kuamini kwamba mikono ilikuwa yetu. Miaka michache tu ya kupita na lori njia ya chini, ambako hapakuwa na dirisha la kufunga, na masikio yamekufa. Hatukuvamiwa na mtu, hatukukatazwa na serikali, hakuna aliyetuibia. Tumeketi juu ya urithi wetu tukingoja kupewa cheti chake. Tumeduwaa, Mheshimiwa. Wengine wetu hapa wamejifunika nyuso kwa viganja, na si kwa ajili ya jua.

Kuhani alikuwa nyuma ya machela iliposimama, na amepiga magoti tangu wakati ule. Hajatuita. Nimemwona akitutazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

Nasikia Mzee Tokujirō ananisemesha kutoka chini. Anasema, nami nanukuu alivyosema: "Dada Fumiyo, soma kama unauza, usisome kama unazika. Bega hili si jiwe."

Nimekusikia, mzee wangu. Bi Kinue, mpe maji mumeo. Mwinulie kata mdomoni, kichwa asikigeuze.

MAOMBI

Maombi yaliyoandikwa yalikuwa marefu. Yalikuwa na paa la hekalu linalovuja, daraja la mashambani lililochukuliwa na mafuriko, na basi lililoacha kuja huku. Yote ni ya kweli, na yote tunayaondoa leo. Mtu hawezi kudai paa kwa ajili ya aliyemkalia kichwani. Hata cheti, ukiona baada ya haya hatukistahili, rudi nacho. Tutakusindikiza mpaka stesheni na hatutanuna.

Limebaki ombi moja, na hilo nalo hatuwezi kuliomba kwa mdomo. Nimekwisha kusema kwa nini: mtu hateremshwi, mtu huteremka. Isitoshe, mwenyeji hamwombi mgeni jambo ambalo yeye mwenyewe hajalifanya. Mimi ninayekusomea haya yote nimesimama hapa juu, karibu na kiti chako, na viatu vyangu viko sawasawa na vyako. Kamati nzima iko juu. Tumekuwa tukimsimulia mgeni habari za heshima tukiwa tumeipanda.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utuwie radhi, risala hii itamalizikia chini. Mzee Kusakabe, nipe mkono, ngazi ni nyembamba. Na ninyi wengine, mmoja mmoja, msisukumane. Kipaza sauti kina waya mfupi, nakiacha. Nimetembeza miso mitaani tangu ujana wangu, sauti ninayo.

Haya. Sasa niko chini.

Mheshimiwa, unanisikia? Vizuri. Kutoka hapa mambo ni mengine kabisa. Nakuona kama machela inavyokuona: naona soli za viatu, kisha magoti, kisha cheti, na uso uko mbali. Sikujua. Kutoka kule juu tulidhani sote tunaonana.

Naona Bwana Nezu naye ameshuka. Ahsante, Bwana Nezu. Ratiba tutaipanga upya tukila.

Naona pia goti la Mzee Tokujirō limeanza kuinama. Mjukuu wake ameona na ameingiza bega lake chini zaidi ili amchukulie uzito, na bado haimtoshi. Mwaka ujao mzee huyu hatabeba, sote tunalijua hilo, na vijana hawa kesho wanarudi kazini. Machela ikigusa ardhi hapa, hatujui ni nani atakayeiinua tena, wala atakayewafundisha maana ya ngoma. Zama za yule mjumbe walikuwapo wanaume waliozoea kusimama siku nzima. Sisi tuna mzee mmoja na vijana waliolala kwenye treni.

Kuna nafasi moja kwenye mti wa kubebea wa kushoto, nyuma ya Mzee Tokujirō. Ilikuwa ya ndugu yake, marehemu. Tumeiacha wazi kwa kuwa hatukupata mtu wa urefu ule. Wewe, Mheshimiwa, kwa kukutazama tu, ni mtu mrefu.

Hatuombi kitu. Tunakueleza tu mambo yalivyo.

...

Mabibi na mabwana, tafadhali msipige makofi. Leo tumeyapiga ya kutosha.

Cheti kiache hapo kitini, Mheshimiwa, hakuna atakayekigusa. Shika ubao wa kulia, wa kushoto una msumari. Daraja ya mwisho ni fupi, imetuponza na sisi. Koti utanipa mimi nikushikie. Bado daraja moja, na nyingine. Hapo. Huo ni mchanga wa Ononagi.

Mzee Tokujirō, imba hatua. Kijana, msogelee Mheshimiwa umwonyeshe bega linakaa wapi, na mkiwa njiani mwambie kichwa ni cha nani. Nawe umeshajua.

Mwenye Mlima awajalie mpunga mzito na migongo myepesi, wewe mgeni wetu, nyumba yako, na mkoa wako wote, na atusamehe sisi makofi yetu.

Ni sisi, waumini na wakazi wa Ononagi, sote tukiwa chini, pamoja nawe.